Haragwe Juu ya Povu

Mwezi uliopita, sebuleni kwa Sista Beatrice kule Gaithersburg, Marekani, mtoto mmoja alipiga chafya akiwa ameshika glasi ya juisi ya bitiruti, na nusu ya glasi ikaishia kwenye zulia. Ilikuwa sherehe ya Sista kustaafu unesi. Nyumba ilijaa mpaka kwenye ngazi, watu wamekaa na sahani mapajani, chapati zinapita juu ya vichwa. Mama mmoja wa kanisani kwao alichomoka jikoni na jagi la maji, uso umejaa utumishi, akalinyanyua juu ya doa. "Weka hiyo jagi chini!" nilipiga kelele, na sikuongeza tafadhali. Wakati huohuo Bi Mwanaisha alisema kutoka kwenye kochi, "Maji hapana, jamani, hapana!" na mlangoni Mama Solange, mdomo umejaa nyama, akafoka, "Non, non! Batu ba Mungu, hapana maji!" Wanawake watatu tumesimama, mikono mbele kama tunazuia gari. Mama wa jagi akaganda. Sebule nzima ikanyamaza. Kisha nikamtazama Bi Mwanaisha, Bi akamtazama Solange, na tukacheka mpaka Solange akakaa chini sakafuni na Bi, ambaye alikuwa ametua kutoka Tanga siku tatu tu kabla, baada ya miaka minne ya kukaa kwao, akawa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Watu wakauliza, "Kuna nini?" Hatukujibu, maana jibu lake lina urefu wa mwaka mzima. Nimeamua kuliandika.

Nina miaka thelathini na moja. Najua kumbukumbu huandikwa na watu waliokwisha kung'oka meno, lakini mimi kungoja sijui. Nilisoma mpaka kidato cha nne, na mwalimu wangu wa kemia akisoma haya atadhani ni mtu mwingine aliyeandika. Habari za nilikozaliwa na nani alinizaa nitaziruka; zina watu wengi na kila mmoja anazo kivyake. Baba yake Nekesa naye simwandiki. Alipewa nafasi maishani mwangu akaitupa, hatapata nyingine kwenye karatasi yangu. Unachohitaji kujua ni kwamba Februari ya mwaka ule nilikuwa na mtoto wa miezi minane, chumba cha chini ya nyumba ya watu karibu na stesheni ya treni ya Manassas, dirisha lake linaonyesha viatu vya wapita njia tu, na nilikuwa nimefukuzwa kazi mara mbili tangu nijifungue. Kazi ya kwanza ilikuwa hotelini. Msimamizi aliniambia nitabasamu nikitandika vitanda, nikamwuliza kama shuka zinaniona. Ya pili ilikuwa jikoni kwenye makao ya wazee. Siku ambayo aliyenishikia mtoto hakutokea nilikuja na Nekesa mgongoni, wakasema mtoto si mzigo wao, nami nikawaambia maneno ambayo nikiyaandika hapa, kurasa hizi hazitaingia kanisani. Hasira yangu ya siku zile haikuwa ya kulipuka ikaisha. Ilikuwa kama jiko la mkaa lililofunikwa majivu. Nililala nayo, nikaamka nayo, na ilikuwa bado na moto.

Mama Solange alinipokea bila kuuliza kama natabasamu. Karakana yake ilikuwa Manassas kwenye safu ya majengo ya mabati, kati ya fundi wa matairi na watu wanaokata mawe ya meza za jikoni, kwa hiyo kushoto kulilia msumeno na kulia muziki wa Kihispania, siku nzima. Ndani kulikuwa na sakafu ya saruji iliyopakwa rangi ya kijivu, meza moja ndefu kama ya harusini, feni sita, mabomba ya kutundikia mazulia, na nyuma kabisa chumba kidogo chenye ukuta wa kioo ambacho Solange, mtu wa Bukavu, alikiita biro, yaani ofisi. Alikuwa mnene na mwepesi wa miguu. Alichungulia ndani ya kapu la nguo nililombebea Nekesa.

"Huyu naye anatafuta kazi?"

"Huyu ndiye bosi wangu," nilisema.

"Bon. Bosi anakaa ndani ya biro, mlango unafungwa, dawa isimfikie. Akilia, unanawa mikono mara mbili kabla ya kumshika. Na weye, siku utaharibu kitu ya batu juu ya haraka, kapu na mama yake banatoka pamoja. Umesikia?"

Nilisikia. Hapakuwa na mahali pengine duniani pangekubali lile kapu, na sote wawili tulijua.

Fundi mwenyewe alikuwa Bi Mwanaisha, mwembamba kama ufito, kilemba kichwani, glavu za raba hadi viwikoni. Nilimsalimu kama tunavyosalimiana kwetu: "Sasa?" Alinitazama kutoka viatuni mpaka kichwani. "Marahaba, mwanangu," alisema kwa sauti kubwa, akaendelea na kazi. Kila asubuhi kwa wiki mbili nilisema "Sasa?" na kila asubuhi akaitikia "Marahaba", mpaka siku moja shikamoo ikanitoka yenyewe kwa uchovu, naye bila kuinua uso akajibu, "Poa." Solange alicheka akamwaga kahawa.

Kazi yetu ilikuwa povu. Watu walituletea mazulia ya sufu, makochi, viti vya maktaba, mapazia mazito ya kumbi, na sisi tulivitia dawa: ya kutoa uchafu, ya nondo, ya kuzuia madoa, ya kushika rangi isihame. Lakini hakuna kilichomwagiwa. Dawa na maji kidogo vilipigwa ndani ya ndoo kwa mashine inayofanana na ya kupigia keki, mpaka kikombe kimoja kikajaza ndoo nzima ya kitu cheupe, kizito, kinachokaa palepale. "Kila kitu chenye vinyweleo kina kiu," Bi Mwanaisha aliniambia siku ya kwanza. "Sufu, pamba, mbao, hata tofali. Ukikipa maji kitakunywa mpaka kivimbe, uchafu wa juu kiuteremshe chini, rangi ya huku kiipeleke kule. Povu ni hewa tupu na maji haba. Linatulia ulipoliweka, linanyonywa kidogo kidogo. Dawa inaingia, maji yanabaki mlangoni. Kisha unalifyonza na vakyumu, basi." Nikamwuliza nitajuaje limeiva. Alitoa haragwe moja kavu, jekundu, kwenye mfuko wa aproni, akaliweka juu ya povu kwa ncha za vidole kama mtu anayelaza mtoto. Likazama taratibu, likapotea. "Bado," alisema. "Piga." Nikapiga. Akaweka jingine, nalo likakaa juu, halitikisiki. "Haya, hilo sasa povu." Maharagwe ya povu yalikuwa na kopo lake, lenye alama kubwa nyekundu ya rangi ya kucha, kwa sababu, alisema Bi, kuna mwaka Solange alikaribia kuyapika.

Mchana tulikula kwenye meza ya pembeni iliyotandikwa magazeti, tukiwa tumenawa mpaka mikono ikakunjamana. Solange alileta sombe, yaani kisamvu, na samaki wa kukaushwa. Bi Mwanaisha alileta vitumbua, au wali wa nazi ambao harufu yake ilimtoa fundi wa matairi kwake akaja na sahani bila aibu. Mimi nilileta chapati na kunde, na siku nikiwa na nguvu, ugali. "Huu wenu wa Kenya si chakula," Bi alisema akiubonyeza. "Huu mtu anajengea." Nikamwambia wa kwao ni uji uliokata tamaa. Solange alisema sote wawili hatujawahi kuona fufu, tunahurumiwa. Wanawake wale walizungumza bila kunipunguzia kitu: Solange kwenye simu na dada yake kuhusu bwana harusi aliyekuja na viatu vya kuazima, Bi Mwanaisha akimgombeza fundi wa nyumba anayojenga Tanga kwa dirisha lililowekwa kichwa chini. Mimi nilikula, nikanyonyesha, nikasikiliza. Siku moja nilikuwa kwenye biro na Nekesa kifuani, nimefumba macho, nao wakadhani nimelala. "Huyu binti ana kasirani," Solange alisema. Bi Mwanaisha akajibu, "Mwache awe nayo. Mtu aliyetendwa haya na hana hasira, huyo ndiye mgonjwa. Ila mikono yake inasikia." Nilibaki vilevile, nimefumba macho. Shuleni nilipewa vyeti viwili maishani mwangu. Sijui viko wapi. Lile neno ninalo.

Juni Sista Beatrice akaleta zulia lake. Nilimwona akishuka kwenye gari na sare ya hospitali, viatu vyeupe, akilikumbatia zulia lililokunjwa kama mtu anayemsaidia mgonjwa kutembea. Lilikuwa la sufu, la mkono, pindo pana jeupe kuzunguka kote na katikati ua moja jekundu, kubwa kama sinia. Aliachiwa na mgonjwa wake, mama mmoja mzee aliyemuuguza miaka tisa nyumbani kwake. "Jumamosi binti yake anakuja kutoka mbali," alimwambia Bi Mwanaisha. "Hajawahi kufika kwangu. Anataka kukanyaga zulia la mama yake. Nataka alikute linang'aa." Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne Solange alikwenda kuchukua viti, Bi Mwanaisha alikuwa na miadi kwa daktari wa macho, na akaniachia agizo moja: "Lipige vumbi tu. Usiliguse kwa kingine mpaka nirudi."

Nililipiga vumbi. Likabaki na weusi kwenye pindo. Nje nyuma ya karakana kulikuwa na jua la kupasua, uwanja safi wa saruji, na mpira wa maji umejikunja ukutani. Na mimi ni Mkenya. Kwetu siku ya jua zulia linatolewa nje, linamwagiwa sabuni ya unga, linapigwa maji, unapanda juu yake pekupeku ulisugue na brashi ngumu, kisha linatupwa juu ya uzio lichuruzike mpaka kesho. Zulia ambalo halijachuruzika halijafuliwa. Muulize mama yeyote. Miezi minne nilikuwa nimepaka povu na kuitikia ndiyo Bi, ndiyo Bi, na moyoni nikiamini kwamba lile povu ni mapambo, kama krimu kwenye keki. Basi nikalitoa. Nikaweka kapu la Nekesa kivulini, nikavua viatu, nikafungua maji. Sitadanganya kwamba nilikuwa na wasiwasi. Ilikuwa nusu saa tamu kuliko zote tangu nijifungue. Nilisugua na kuimba, nilikanyaga sabuni ikaruka, Nekesa akacheka kila nikimrushia matone, na kwa mara ya kwanza hasira yangu ilipata kazi ya kufanya. Nilipoona povu la miguuni limekuwa la waridi nilifurahi. Nilidhani ni uchafu unaotoka.

Bi Mwanaisha alirudi macho yametiwa dawa, miwani myeusi, haoni vizuri zaidi ya hatua mbili. Alisimama mlango wa nyuma akanusa. "Kuna sufu mbichi hapa," alisema. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuona. Ua lilikuwa linalia. Wekundu ulitambaa kutoka kila petali, ukaingia kwenye pindo kwa vidole virefu, na upande mmoja pindo lote lilikuwa kama fizi. Solange alifika nyuma yake, akatazama, akashika mdomo. "Mungu wangu. Tapi ya Sista." Kisha kwa sauti ndogo, ambayo ilinitisha kuliko kelele: "Nilikuambia nini siku ya kwanza?"

"Kapu na mama yake," nilisema. Nikainama kuchukua kapu.

"Kwenda wapi?" alisema Bi Mwanaisha. "Aliyelowesha ndiye anayekausha. Shika upande ule. Usikunje! Kalitandaze."

Tulilibeba watu watatu, zito kama maiti, tukalilaza mezani, tukaligandamiza kwa kila taulo lililokuwamo mle ndani, vakyumu ikifyonza maji ya waridi. Solange alifanya kazi bila kunitazama. Mwishowe alijifuta jasho. "Jumamosi," alisema. "Weupe ukirudi, unabaki. Usiporudi, tunaagana. Lakini leo, kabla ya dawa yoyote, unaenda kwa Sista. Apa kwetu aliyeharibu anaenda kwa mwenye kitu kabla ya kukitengeneza. Anasema kwa mdomo wake. Hatutengenezi kitu kwa siri."

Alinipeleka yeye kwa gari la kazi, Nekesa nyuma kwenye kiti chake. Barabara ya 270 ilikuwa imejaa, magari yanatambaa, na mimi nilitumia muda wote kujiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na majibu tayari. Akiniita mshamba, nina jibu. Akinihubiria, ninalo. Akinitukania mtoto, Solange atarudi peke yake, mimi nitaondoka na gari la polisi. Sista Beatrice alifungua mlango akiwa ndiyo kwanza ametoka zamu, akarudi kukaa, akatumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto. Sakafu mbele yake ilikuwa tupu.

"Nimelimwagia zulia lako maji," nilisema kabla ya kuketi. "Wekundu umeingia kwenye weupe. Ni mimi. Wao hawakuwepo."

Sista akainua uso kutoka kwenye beseni. "Ulilifua nje?"

"Nje."

"Na mpira?"

"Na mpira."

"Pekupeku?"

"Pekupeku."

Akafumba macho. "Miaka yote hii," alisema, "nimelitazama hilo zulia nikitamani kulitoa nje nilifue ile kufua yetu. Kilichonizuia ni majirani tu." Mabega yake yakaanza kutikisika, nami sikujua kama analia, mpaka nilipoona anacheka. Solange naye akashindwa. Majibu yangu yote yalibaki mdomoni hayana pa kwenda. Kisha Sista akafungua macho, na hakuwa anacheka tena. "Lakini Jumamosi anakuja, msichana. Mama yake alikuwa anashuka kitandani anaweka miguu pale kwenye ua, kila asubuhi, mpaka asubuhi ya mwisho. Kama unajua kuomba, omba. Kama hujui, fanya kazi."

Nilifanya kazi. Jumatano zulia lilikaa chini ya feni sita, nami nikalizunguka kama mlinzi nikiligeuza. Alhamisi Bi Mwanaisha alianza na povu lenye asidi, harufu yake kama siki, la kuifunga rangi nyekundu isitoke tena nyumbani kwake. Baada yake ndipo ikaja dawa ya kuvuta rangi, na hiyo inanuka yai viza. Tulivaa barakoa nzito, mlango wa biro ukafungwa, fundi wa matairi akaja kuuliza nani amekufa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini tunapiga povu. Ile dawa haichagui. Ikigusa wekundu ulipokimbilia, inautoa. Ikigusa ua lenyewe, inalitoa nalo. Ingekuwa ya maji ingetembea kwenye nyuzi mpaka katikati ikalinyonya ua damu yote. Povu lilibaki pale lilipowekwa, unene wa kidole, ukingoni kabisa mwa petali, likafanya kazi yake na kunyamaza. Macho ya Bi Mwanaisha yalikuwa bado na ukungu, kwa hiyo mkono ulikuwa wangu. Nilipiga magoti juu ya meza na sponji ndogo kama kibiriti, yeye kwenye kiti kando yangu.

"Haragwe limesimama?"

"Limesimama."

"Paka." Akasikiliza. "Unasukuma."

"Sisukumi, Bi."

"Nasikia linavyopasuka. Ukilisukuma linarudi kuwa maji, na maji yanakwenda yanakotaka. Weka, usisukume. Hilo ni povu, mwanangu, si yule bwana."

Nilinyanyua sponji. Nilikuwa nimesaga meno mpaka taya linauma. "Nimekasirika, Bi. Nifanyeje?"

"Kasirika, nani kakukataza?" alisema. "Ila mkono usiuambie."

Nimesikia mashauri mengi kuhusu hasira yangu. Watu wameniambia nipumue, nisamehe, nihesabu, nimwachie Mungu, na kila mmoja alitaka niwe mtu mwingine kwanza ndipo nifae. Bi Mwanaisha ndiye pekee aliyeniruhusu kubaki nayo na akanionyesha mahali ambapo isifike. Nilirudi kwenye zulia. Moyoni nilimtukana kila mtu kwa jina, kwa utaratibu, kuanzia msimamizi wa hoteli, na mkono wangu ukaweka povu jepesi kama unga kwenye shavu la mtoto. Tuliweka, tukangoja, tukafyonza, tukaweka tena. Kila tukifyonza, vile vidole vyekundu vilikuwa vimepungua. Ijumaa saa sita pindo lilikuwa jeupe. Nilipiga ukelele mpaka Solange akatoka mbio akidhani nimeungua, nikamzungusha katikati ya karakana na barakoa shingoni.

Palibaki kona moja. Waridi hafifu, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Nilikuwa nimekwisha piga ndoo nyingine, haragwe limekaa juu kama mfalme, nimeshika sponji. Bi Mwanaisha alivua glavu, akavaa nyingine safi, akazisugua nyuzi za kona ile kati ya vidole. "Sufu imechoka hapa," alisema. "Labda itavumilia mara moja. Labda itakatika. Mimi sioni vizuri. Wewe ndiye mwenye mkono." Kwenye kioo cha biro Nekesa alikuwa amesimama akijishikilia, pua imebandikwa kiooni, ananitazama. Nilijua weupe usiporudi tunaagana. Nilitaka kuweka povu lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nikazigusa nyuzi mwenyewe. Zilikuwa laini kupita kiasi, kama nywele za mgonjwa. Nikaondoa haragwe, nikazima mashine, nikasukuma ndoo kando.

Solange alikuja akainama juu ya kona. "Apa haikutoka."

"Haikutoka. Nimeacha mwenyewe. Ningeendelea ningelitoboa."

Aliligeuza pindo, akalitazama upande wa chini. "Kesho unalipeleka weye," alisema.

Jumamosi, sebuleni kwa Sista, binti wa yule mama mzee alikuwa mwenyewe na mvi, mrefu, koti mkononi ingawa ni joto. Tulilitandika mbele yake. Alivua viatu bila kuambiwa, akaenda katikati, akasimama juu ya ua jekundu na soksi zake, akabaki hapo. Kisha akaanza kulia polepole na Sista Beatrice akaenda akasimama naye, wawili juu ya ua moja, kama watu wanaosubiri lifti. Baadaye Sista alizunguka zulia lote kwa macho ya nesi mpaka akafika kwenye kona. "Ni hapa?" aliniuliza. "Hapo," nilisema. Alipima doa kwa kiganja chake. Akaenda akavuta kiti chake cha mapumziko, akakiweka pale, akakaa, akavua viatu vyeupe, na miguu yake iliyovimba akaiweka juu ya waridi lile. "Panatosha," alisema.

Garini Solange aliendesha mpaka tukaliacha jiji nyuma, ndipo akasema, "Jumatatu, saa mbili. Usichelewe."

"Kwa hiyo nabaki?"

"Kapu linabaki," alisema. "Weye ni mama ya kapu, nitafanya nini?"

Nililia mpaka Manassas, na Nekesa nyuma akiimba wimbo wake wa silabi moja.

Mwaka ulikuwa bado na miezi. Agosti Nekesa alitembea kwa mara ya kwanza, kutoka kwenye goti la Solange mpaka kwenye beseni la povu la sabuni ya kuogea nililompigia, akaingiza uso mzima, akatoka na ndevu. Oktoba tulikwenda Bladensburg kwenye nyumba ya zamani ambayo matofali ya chini yalikuwa yanatoka chumvi, na nikapaka ukuta povu la dawa kutoka sakafuni hadi darini, likakaa wima bila kuteleza, na mwenye nyumba akasimama kutazama mkono wangu kama watu wanavyotazama mkono wa fundi. Sikumtabasamia. Februari ilipozunguka, Bi Mwanaisha alinikabidhi kopo lenye alama nyekundu. Leo karakana ni yangu na Solange. Hasira ninayo bado; imeajiriwa.

Sasa turudi sebuleni, tulikowaacha watu wamenyamaza na mama wa jagi ameganda. Wakati sisi tunacheka, Nekesa, ambaye sasa ana miaka minane, alikwisha gandamiza doa la bitiruti kwa taulo kavu na kupotelea jikoni. Alirudi na bakuli, mchapo wa kupigia mayai na povu jeupe la sabuni. Hakuna aliyemtuma. Akatazama huku na huku, akasema kwa Kiingereza, maana hawa watoto Kiswahili wanakisikia tu, "I need a bean."

"Anataka kula?" aliuliza mama wa jagi.

Nekesa alikuwa amekwisha chomoa haragwe katikati ya mahindi kwenye sahani ya githeri ya mzee mmoja, akalifuta kwa kitambaa, akaliweka juu ya povu kwa ncha za vidole. Sebule nzima iliinama kutazama. Haragwe likazama.

"Bado," tulisema watatu kwa pamoja. "Piga."

Alipiga, ulimi nje, mkono mdogo unakimbia. Akaweka haragwe tena. Likakaa. Mtu akapiga makofi na mzee wa githeri akadai haragwe lake. Nekesa akapiga magoti, akaweka povu juu ya doa, akaweka, hakusukuma, mpaka likafunikwa lote, kisha akakaa kungoja kama aliyezaliwa akijua. Halafu akaona kule konani, mbele ya kiti cha mapumziko cha Sista, kitu kingine cha waridi. Akachota povu, akatambaa nalo.

Sista Beatrice aliteremsha miguu yote miwili juu ya doa.

"Hili liache, mama," alisema. "Hili ni la kwangu."